Kinasa sauti kisichopiga kelele: kumbukumbu ya mradi wangu wa alfajiri

Ninachokitaka

Mradi huu una lengo moja: kurekodi ile nusu saa kabla ya mapambazuko, wakati ndege wa kwanza hajaita, wadudu wa usiku wanaanza kunyamaza mmoja mmoja, na umande unadondoka tone tone juu ya majani makavu. Nataka msikilizaji avae hedifoni, afumbe macho, asahau kabisa kwamba kati yake na majani yale palikuwa na mashine.

Hapo ndipo kuchagua kinasa kunapokuwa kazi. Anayerekodi mahojiano, maiki ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, anaweza kutumia karibu kinasa chochote cha siku hizi, kwa sababu sauti ya mtu ni kubwa na inafunika kila kitu. Mimi nashughulika na sauti ndogo kuliko pumzi. Sauti kama hizo hazisikiki mpaka ukuzaji upandishwe sana, na ukipandisha unakuza pia ule mvumo wa "shhhh" ambao kila kinasa kinao tumboni mwake. Ukiwa mkubwa kuliko umande, umande haupo tena kwenye rekodi, na hakuna programu itakayourudisha ukiwa mzima.

Mengine ninayoyahitaji ni ya kawaida: kiwe chepesi, kitumie betri, kisiwe na feni, vitufe visilie "tik" ninapovigusa, na mlio wa kuthibitisha uweze kuzimwa kwenye menyu. Hayo unayaona kwa macho na vidole. Mvumo ndio unaotaka uchunguzi.

Namba za kwenye boksi

Maneno yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni biti (ukubwa wa kila namba inayohifadhi sauti) na kilohezi (maelfu ya namba hizo kwa sekunde). Biti 16 zina nafasi ya kinadharia ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa, biti 24 zina 144, na mfumo mpya wa biti 32 zenye nukta inayoelea una zaidi ya 1,500. Ni namba za kuvutia, lakini kuhusu mvumo hazinisaidii kitu. Mvumo unazaliwa kwenye priampu, yaani ile sehemu inayopokea umeme mdogo sana wa maiki na kuukuza, na umeshaingia kabla sauti haijageuzwa kuwa namba. Biti nyingi zinauhifadhi mvumo ule kwa uaminifu mkubwa zaidi, basi.

Namba ninayoitafuta huwa imefichwa mwishoni mwa kitabu cha maelezo: kelele ya kinasa yenyewe kama inavyopimwa mlangoni pa maiki, kwa dBu (desibeli za kupimia volti), na ina alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokwenda chini ndivyo kinasa kinavyotulia. Watengenezaji wengi wa vinasa vidogo hawaiandiki kabisa, na kwangu ukimya huo ni jibu tosha. Kampuni ya Zoom wameiandika kwa kinasa chao cha F3: −127 dBu au chini ya hapo. Sound Devices wanaandika −130 kwa kinasa chao cha MixPre-3 II, na mtu akisoma haraka atasema hicho kimekizidi kile kwa desibeli 3. Tazama kipimo: cha pili kimeandikwa kwa dBV. dBV inahesabu kutoka volti 1, dBu kutoka volti 0.775, na tofauti yake ni desibeli 2.2. Kwa hiyo −130 dBV ni takriban −128 dBu, na vinasa hivyo viwili vimeachana kwa desibeli moja tu. Sikio langu haliwezi kuitambua, wala la mtu yeyote ninayemjua.

Tena kuna sakafu ambayo hakuna mhandisi atakayeivuka. Mwaka 1928, J. B. Johnson wa Bell Labs na Harry Nyquist wa AT&T walichapisha maelezo ya kelele inayotokana na joto: kila kipitishi chenye ukinzani kinatoa umeme mdogo wa kubahatisha kwa sababu tu kina joto. Rezista ya ohmu 150 katika joto la chumbani inatoa kama −131 dBu ndani ya masafa tunayoyasikia. Ndiyo maana tangazo la priampu yenye "−140" halinishughulishi. F3 na mwenzake wameshafika karibu na sakafu ile.

Kuzipima kwa mkono

Sikutaka kuishia kwenye makaratasi. Nilipata vinasa vya kuazima, vikubwa kwa vidogo, na kwa vile vyenye tundu la XLR (lile la pini tatu la maiki kubwa) nikatengeneza kifaa kidogo: plagi tupu ya XLR, na ndani yake rezista ya ohmu 150 iliyochomelewa kwa risasi kati ya pini ya 2 na ya 3. Rezista yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele. Ukiichomeka, kinasa kinadhani kimepata maiki iliyo kimya kabisa, hivyo kila utakachokisikia ni chake mwenyewe.

Utaratibu ni rahisi. Zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, kwa sababu ule ukikosa sauti unapandisha ukuzaji wenyewe na kuharibu ulinganifu wote. Zima pia kichujio cha sauti nzito. Kisha rekodi dakika moja ya ukimya, halafu mlio uleule wa kipimo kwa kila kinasa, katika kiwango kilekile cha ukuzaji ulichorekodia ukimya. Kwenye kompyuta, ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, pandisha au shusha sauti ya kila rekodi mpaka ile milio ya kipimo ilingane, ndipo usikilize ukimya. Hatua hiyo ya kulinganisha milio ndiyo roho ya jaribio. Bila hiyo, kinasa chenye ukuzaji mkubwa kitaonekana kina kelele hata kama ndicho bora.

Nilichokisikia kimenifundisha zaidi ya zile namba. Kimoja kilikuwa na mvumo laini na wa sawasawa, kama mvua ya mbali, ambao sikio linauzoea haraka. Kingine, chenye mvumo mdogo zaidi kwa kipimo, kilikuwa na mlio mwembamba juu kabisa, na kila baada ya muda mfupi "tr-tr-tr" hafifu sana, wakati kinasa kinaandika kwenye kadi. Nilibadilisha kadi na ule mdundo ukabadilika mwendo, nikajua umetoka humo. Kipimo cha wastani hakikuuonyesha, kwa sababu ni mdogo mno ukichanganywa na vyote. Ila sikio likishaukamata haliuachi tena. Kati ya hivyo viwili ningechukua kile chenye mvumo mkubwa kidogo, bila kusitasita.

Jambo jingine linalostahili kujulikana: kinasa kilekile kilikuwa kimya kwenye betri na kikaanza kuvuma nilipokilisha umeme kwa chaja ya ukutani. Kwa betri ya akiba ya USB mvumo ukapungua, haukuisha. Kwa kazi yangu, basi, ni betri za ndani. Simu nayo ikae mbali na waya za maiki, au izimwe.

Hesabu iliyogeuza mpango

Hapa ndipo mradi ulipobadilika sura. Nilikuwa natafuta kinasa, lakini hesabu zikaniambia niangalie maiki kwanza.

Maiki yenye usikivu mkubwa inatoa umeme mwingi kwa sauti ileile, hivyo kelele ya kinasa inaonekana ndogo kandoni mwake. Unaweza kuigeuza kelele ya kinasa iwe desibeli za sauti angani: chukua 94 (desibeli za sauti inayotumika kupimia usikivu wa maiki), jumlisha kelele ya kinasa kwa dBV, halafu toa usikivu wa maiki, nao kwa dBV.

Chukua maiki ya Rode NT1-A, yenye usikivu wa karibu −32 na kelele yake binafsi ya desibeli 5. Kwenye kinasa cha −127 dBu, yaani karibu −129 dBV, kelele ya kinasa inakuwa kama −3, chini ya maiki yenyewe. Jumla ni desibeli 5 na nusu hivi, maana desibeli hazijumlishwi kama namba za kawaida. Kinasa cha −110 kinaleta karibu 14, na thamani yote ya maiki ile tulivu imepotea. Sasa weka maiki ya Shure SM7B, ambayo usikivu wake ni −59. Hata kwenye kinasa bora kelele inafika 24, na kwenye kile cha −110 inafika 41. Chumba tulivu usiku huwa kati ya 20 na 30. Maiki ile ni nzuri mno kwa mtangazaji aliye karibu nayo, lakini umande haitausikia kamwe.

Halafu kuna kapsuli ndogo (viini vya maiki visivyo na ganda) za Primo EM272, zinazopendwa sana na wanaojitengenezea maiki za kurekodi mazingira. Zina upana wa milimita 10 tu, usikivu wa −28, na kelele ya desibeli 14. Kwenye kinasa cha −120 dBu, kelele ya kinasa ni karibu sifuri, haionekani kabisa. Hata kwenye kile cha −110 jumla inapanda hadi kama 15 na nusu. Maana yake ni kwamba kinasa kidogo cha mfukoni chenye tundu la milimita 3.5, linalotoa umeme mdogo wa kuilisha maiki, kinaweza kurekodi alfajiri vizuri kabisa kikipewa kapsuli hizi. Maiki zake za ndani ndizo zinazokiangusha mara nyingi, wala si priampu. Anayeanza na kinasa kidogo alichonacho asikitupe. Akichomeke kapsuli mbili kwanza asikilize.

Uamuzi

Nimechukua kapsuli mbili za EM272 na Zoom F3.

Najua hesabu ya hapo juu inasema kapsuli hizi hazihitaji kinasa cha −127. Sababu yangu ya kwanza ni namna ninavyofanya kazi: ninakiacha kinasa peke yake na kuondoka, kwa sababu nikikaa pale wanyama wanajua. Nusu saa ya mwanzo hakuna kitu, kisha ndege mmoja anatua tawi la karibu na kupiga kelele kwa nguvu zake zote. F3 haina kirungu cha kupandisha au kushusha ukuzaji. Inarekodi kwa biti 32 zenye nukta inayoelea, na kiwango kinapangwa baadaye nyumbani. Mfumo huo, nilivyosema, haupunguzi mvumo hata chembe. Unachonipa ni kwamba umande na yule ndege wanaingia kwenye faili moja bila mmoja kuharibiwa. Sababu ya pili: nataka nafasi ya kuchomeka maiki kama NT1-A siku za mbele, na hapo −127 itakuwa na kazi.

F3 ina matundu mawili ya XLR tu na haina maiki ya ndani. Kapsuli zinataka volti chache, ilhali XLR inatoa 48, kwa hiyo katikati nimeweka adapta mbili za Rode VXLR+ zinazoshusha umeme ule. Kosa adapta na hesabu yote haina maana.

Nafasi kwenye kadi: stirio ya biti 32 kwa kilohezi 48 inakula kama gigabaiti 1.4 kwa saa, na ile ya biti 24 kama gigabaiti 1. Si tatizo. Betri ndizo zinazobana, maana volti 48 zinazila upesi, na F3 inatumia mbili tu za AA. Natumia za kuchaji za NiMH, na kwenye menyu nimechagua aina hiyo ili kipimo cha chaji kisidanganye, kwa sababu zenyewe ni za volti 1.2 badala ya 1.5.

Kilichobaki

Kapsuli ziko umbali wa sentimita 18 hivi, moja kila upande wa shina jembamba, karibu na nafasi ya masikio mawili. Shina linaleta utengano mzuri wa kushoto na kulia. Kinachonisumbua kwa sasa ni upepo: sponji ya kawaida haitoshi, hata upepo mdogo sana unaleta "vuu" nzito inayofunika kila kitu chini ya hezi 100. Ninashona vifuniko vya manyoya marefu, na nitavilinganisha na sponji kwa kurekodi vyote viwili kwa wakati mmoja, kimoja kila mkondo. Baada ya hapo nitapima urefu wa waya, kuona naweza kukiweka kinasa mbali kiasi gani na shina kabla ya waya kuanza kuokota mvumo.