Mchana wa kisu na chungwa

Enzi hizo niko Bloomington, Indiana, nafundisha Kiswahili chuoni, na watu wa sayansi ya utambuzi pale, wale wanaochunguza binadamu anavyofikiri na kukumbuka, walikuwa na kamtindo ka kukutana saa sita mchana kila mtu na msosi wake. Mmoja anasimama anaelezea utafiti wake, mara nyingi hata haujaisha, wengine wanatafuna huku wanamkatiza kwa maswali. Dada mmoja aliyekuwa anasoma PhD akanialika, nikabeba wali maharage nikakaa nyuma.

Siku hiyo mada ilikuwa Wakpelle, wakulima wa Liberia ambao kina Michael Cole na John Gay walifanya nao utafiti miaka ya 60. Unamwekea mtu vitu 20, vyakula, nguo, zana na vyombo, unamwambia apange vinavyoendana. Watafiti wanategemea vyakula vikae na vyakula, lakini mkulima anachukua kisu anakiweka na chungwa, maana kisu ndo kinakata chungwa, na anakwambia kabisa mtu mwenye busara hupanga hivi. Mtafiti akachoka, akauliza haya, mjinga angepangaje? Hapo ndo yakatoka mafungu manne, kila fungu vitu vitano, vyakula huku, zana kule, vile vile walivyokuwa wanataka tangu mwanzo!

Ukumbi mzima ulicheka ila mimi nilisisimka, maana nilimuona bibi yangu Tanga. Jikoni kwa bibi mbuzi na kifumbu vinakaa pamoja na nazi, na ukichukua mbuzi ukaipeleka kwenye visu eti kwa sababu vyote vina makali, utaulizwa kama una akili timamu. Nikanyoosha mkono nikayasema hayo, halafu nikauliza kuhusu watoto wetu, yule anayeuza karanga stendi na chenji anaipiga kichwani bila kukosea, mbona shuleni anapata sifuri ya hesabu?

Mtoa mada akaacha slaidi zake. Akasema swali hilo lilishachunguzwa Recife, Brazili, matokeo yakatoka 1985: watoto watano wachuuzi, wakiulizwa pale pale kwenye biashara yao walipatia asilimia 98, wakipewa hesabu za namna ile ile kwenye karatasi, namba tupu, wakashuka hadi 37. Watoto wale wale jamani. Profesa mmoja mzee akaweka sandwichi chini akauliza, sasa miaka yote hii tumekuwa tunapima nini? Kukawaka, huyu anasema shule inafundisha njia yake na ndo inayopimwa, yule anasema basi mtihani ubadilike, na saa saba ilipofika wenye vipindi wakaondoka bado wanabishana mpaka kwenye korido.

Mi nilibaki na yule dada, nikamwomba makala zote mbili, na jioni hiyo nikakaa kuandika upya mtihani wa Kiswahili niliokuwa nimeandaa kwa ajili ya wiki inayofuata.