Jioni Tulipomsoma Manase katika Vitabu Viwili

Mwaka 1998, nikifundisha historia katika sekondari moja mjini Morogoro, nilipewa zamu ya kuongoza kipindi cha kujifunza Biblia katika usharika wetu wa Kilutheri. Somo lilikuwa utawala wa Manase, mfalme wa Yuda. Niliomba tusome kwa sauti 2 Wafalme 21, kisha 2 Mambo ya Nyakati 33, bila maelezo katikati, kwa sababu mazoea ya kuzichanganya sura hizo huzaa hadithi ya tatu ambayo hakuna mwandishi wa Biblia aliyeiandika.

Mwanzo wake unalingana: Manase alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 12, akakaa katika kiti cha enzi miaka 55, akajenga tena mahali pa juu, yaani pa kuabudia miungu mingine, ambapo baba yake Hezekia alikuwa amepabomoa. Baada ya hapo waandishi wanaachana kabisa. Katika Wafalme, anamwaga damu isiyo na hatia mpaka Yerusalemu inajaa, anakufa bila neno la toba, na hata baada ya mjukuu wake Yosia kulisafisha hekalu, tunaambiwa kuwa hasira ya Bwana haikutulia kwa sababu ya Manase. Katika Nyakati, majemadari wa Ashuru wanampeleka Babeli akiwa amefungwa pingu, anajinyenyekeza na kuomba, kisha anarudishwa katika ufalme wake.

Mzee mmoja wa kanisa, karani mstaafu wa reli, ndiye aliyeanza. "Mwalimu, sasa damu ya wale watu imekwenda wapi?"

Wengine walitaka nimjibu upesi kwamba neema inatosha. Sikutaka swali zito namna hiyo lizimwe. Nilimwambia kwamba anauliza jambo lile lile lililomsumbua mwandishi wa Wafalme, ambaye kitabu chake kinaishia watu wakiwa uhamishoni Babeli na ambaye alipaswa kueleza kwa nini Yerusalemu ulianguka mbele ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Mwandishi wa Nyakati anamalizia kwa amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya kuwaruhusu watu warudi; wasomaji wake walijua, kwa masimulizi ya wazee wao, njia ya kwenda Babeli na ya kurudi, na katika Manase waliiona safari yao. Nikataja pia kwamba maandishi ya Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, yanamtaja Manase miongoni mwa wafalme waliolazimishwa kupeleka vifaa vya ujenzi Ninawi. Maandishi hayo hayasemi lolote kuhusu kufungwa wala kutubu, kwa hiyo nilikataa yatumike kumshindia mtu yeyote pale.

Ndipo mama mmoja, muuza vitenge sokoni, akaomba tuendelee katika Nyakati 33 mpaka mstari wa 22, ambao mimi sikuwa nimeupangia nafasi. Unasema kwamba Amoni, mwana wa Manase, alizitolea dhabihu sanamu zote alizozifanya baba yake. Mama akarudi nyuma kwa kidole hadi mstari wa 15, ambapo Manase, baada ya kurudi, anaziondoa sanamu. "Mwalimu, tazama hapa. Alizitupa nje ya mji. Hatuambiwi kwamba alizivunja. Mtoto alikwenda akaziokota."

Tulifungua sura ya 34, na kweli, Yosia ndiye anayezivunja sanamu, anazisaga na kuyamwaga mavumbi yake juu ya makaburi ya waliozitolea dhabihu. Nilikuwa nimeisoma Nyakati kwa miaka mingi kama kitabu chenye huruma kuliko Wafalme. Tangu usomaji wa yule mama naiona ni kali kwa namna yake, kwa kuwa inamsamehe mfalme na papo hapo inaonyesha matendo yake yakiendelea kuharibu nyumba yake.

Mzee wetu alikubali hayo yote, lakini hakuliacha swali lake. Alisema waliouawa hawatajwi katika Nyakati, nasi tuliipitia sura mstari kwa mstari tukaona ni kweli: mwandishi yule haigusi damu ile. Anayetaka kuwakumbuka wale waliokufa sharti arudi 2 Wafalme 21, mstari wa 16, na hapo ndipo tuliporudi.