Jinsi nilivyopata uwiano wa mabeki wangu wawili wa kati katika Football Manager 2024

Nilipoanza kuifundisha timu yangu ya sasa katika Football Manager 2024, mchezo wa kompyuta wa kufundisha timu ya mpira wa miguu, niliamini kwamba ulinzi ni suala la kutafuta mabeki wawili walio bora kuliko wote waliopo kikosini, kuwaweka katikati, kisha kuelekeza akili kwenye ushambuliaji. Ilinichukua msimu mzima wa daraja la pili la Uingereza, Championship, ambalo lina timu 24 na mechi 46 kwa kila timu, kuelewa kwamba mabeki wa kati hawapimwi mmoja mmoja. Hupimwa wakiwa wawili, na hupimwa pamoja na wale walio mbele yao, pembeni yao na nyuma yao.

Kwa ambaye hajaucheza mchezo huu katika toleo hilo, nieleze kwa ufupi. Kila mchezaji hupewa kazi na, juu ya kazi hiyo, wajibu. Katika safu ya mabeki wanne, beki wa kati anaweza kuwa beki wa kawaida, ambaye hukaba na kutoa pasi fupi ya usalama. Beki mchezeshaji, ambaye anahimizwa kuanzisha mashambulizi kwa pasi za kukata mistari ya wapinzani. Au beki wa kubutua, ambaye akiuona mpira eneo la hatari huuondoa tu bila kujali unaangukia wapi. Wajibu nao ni wa aina tatu: kubaki kwenye mstari, kutoka mbele kumvamia mshambuliaji kabla hajageuka, au kurudi hatua kadhaa nyuma ya mwenzake ili kufunika. Uwezo wa mchezaji hupimwa kwa alama kuanzia 1 hadi 20, na alama hizo ndizo zilizonidanganya mwanzoni.

Mabeki wangu wawili bora walikuwa na alama nzuri za pasi na utulivu, mmoja akitumia mguu wa kushoto na mwingine wa kulia. Nilivutiwa sana na wazo la kujenga mchezo kutoka nyuma, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu mchezaji kupokea mpira wa goli, ule unaopigwa kutoka golini kuanzisha mchezo, akiwa ndani ya eneo la penalti la timu yake, jambo ambalo limezifanya timu nyingi za kweli kuanzia mchezo miguuni mwa mabeki. Kwa hiyo niliwapa wote wawili kazi ya beki mchezeshaji, nikapandisha safu ya ulinzi juu, nikawasha mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea, na mbele yao nikaweka viungo wawili ambao wote walikuwa na ruhusa ya kupanda. Katika mechi 23 za kwanza tulifungwa mabao 38.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza kwa sababu nililifanya nikidhani natatua tatizo. Niliona washambuliaji wa timu pinzani wakikimbilia mipira nyuma ya mabeki wangu, nikahitimisha kwamba ninachokosa ni mtu wa kufunika. Nikampa beki wa kati wa kulia wajibu wa kutoka mbele kukaba na wa kushoto wajibu wa kurudi kufunika. Kwenye karatasi mpangilio huo unapendeza sana: mmoja anavamia, mwingine anaokota kinachopita. Hata historia ya mpira inaonekana kuuunga mkono, kwani mwaka 1925 sheria ya kuotea ilipobadilishwa, idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli ikashuka kutoka 3 hadi 2, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alimrudisha kiungo wa kati nyuma akawa beki wa tatu. Swali la nani atoke na nani abaki ni la zamani kama mchezo wenyewe wa kisasa. Lakini katika mechi 8 zilizofuata tulifungwa mabao 15, na kwa mara ya kwanza nikaacha kubadilisha mambo kwa kubahatisha.

Nilichukua daftari, nikarudia kutazama mabao yote 53, na kwa kila bao nikaandika jambo moja tu: mpira ulikuwa wapi na nani aliugusa sekunde chache kabla hatari haijaanza. Sikuandika aliyefunga wala aliyepitwa mwishoni. Kazi hiyo ilinichosha, lakini sijawahi kufanya jambo lenye faida kubwa zaidi katika mchezo huu. Kati ya mabao 38 ya kwanza, 13 yalianza kwa pasi ya beki wangu mmoja wa kati iliyokatwa katikati ya uwanja, huku mabeki wa pembeni wakiwa wamepanda na viungo wote wawili wakiwa mbele ya mpira. Mabao 11 yalitokana na mipira ya nyuma ya safu, 6 na kona na mipira ya adhabu, na yaliyobaki hayakuwa na sura moja. Kwa maneno mengine, chanzo kikubwa cha kufungwa hakikuwa ukabaji. Kilikuwa ni mabeki wawili waliopewa ruhusa ya kuthubutu kwa wakati mmoja, wakati hakuna mtu aliyeachwa kulipia gharama ya pasi inayopotea.

Mabao 15 ya awamu ya pili yalinifundisha jambo jingine. Saba kati yake yalikuwa kama picha moja iliyorudiwa: beki wa kulia anatoka kumvamia mshambuliaji aliyeshuka kupokea mpira, mpira unapigwa haraka kwenye nafasi aliyoiacha, na mchezaji mwingine anakimbia hapo akiwa hajaotea, kwa sababu beki anayefunika amekaa hatua tatu nyuma ya wenzake. Nilikuwa nimewasha mtego wa kuotea, ambao unahitaji mabeki wote wanne wasimame kwenye mstari mmoja, na papo hapo nikamwamuru mmoja wao asiwe kwenye mstari huo. Maagizo hayo mawili yalikuwa yanapingana, na mchezo ulinitii katika yote mawili. Tangu siku hiyo ninapoona mtu akilalamika kwamba mpangilio wa kutoka na kufunika haufanyi kazi, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni amepandisha safu yake juu kiasi gani na kama mtego wa kuotea umewashwa.

Baada ya hapo mabadiliko niliyofanya hayakuwa mengi. Beki wa kushoto alibaki kuwa mchezeshaji, kwa kuwa mguu wake wa kushoto ulimfungulia njia ya pasi kuelekea winga wa upande huo bila kulazimika kugeuza mwili. Mwenzake wa kulia nilimfanya beki wa kawaida na kumwagiza apunguze pasi za hatari. Wote wawili nikawapa wajibu wa kubaki kwenye mstari. Safu niliishusha ngazi moja na mtego wa kuotea nikauzima, kwa sababu beki wangu wa kulia alikuwa na alama 10 tu za kasi na sikuona haki kumwomba akimbizane na watu wenye 16. Badiliko ambalo naamini lilikuwa na uzito kuliko yote halikuwahusu mabeki wa kati wenyewe: kiungo mmoja kati ya wale wawili nilimshusha akawa mkabaji asiyepanda, akisimama mbele yao daima. Yeye ndiye aliyeifanya pasi ya kuthubutu ya beki wa kushoto iwe na thamani, kwa sababu hata ilipokatwa kulikuwa na mtu wa kwanza wa kukutana na shambulizi. Beki wa pembeni wa kushoto aliendelea kupanda, wa kulia nikamzuia. Katika mechi 15 za mwisho tulifungwa mabao 12.

Sitaki kueleweka kwamba wajibu wa kutoka mbele au wa kufunika hauna kazi. Msimu wa pili niliutumia mara kadhaa kwa makusudi. Kuna mechi ambayo mpinzani alicheza na mshambuliaji mmoja mrefu, mwenye nguvu, aliyekuwa akipokea kila mpira mrefu akiwa ameipa goli letu mgongo na kuwagawia wenzake. Kiungo wangu mkabaji alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu, kwa hiyo eneo la mbele ya mabeki lilikuwa tupu. Hapo nilimpa beki wa kulia, aliyekuwa na alama za juu za ushujaa, ukali na kuruka, wajibu wa kutoka na kumbana yule mshambuliaji kabla hajatuliza mpira, kisha nikashusha safu chini kiasi kwamba hata akipitwa pasingekuwa na uwanja mkubwa wa kukimbilia. Tulishikilia matokeo hadi mwisho. Ninachosisitiza ni kwamba beki anayetoka anajaza nafasi ambayo hakuna mwingine wa kuijaza. Ukiwa na kiungo mkabaji pale mbele, wawili hao watamfuata mtu mmoja, na nyuma yao patabaki shimo.

Wa kufunika naye nimemwona akifaa pale ambapo mmoja wa mabeki ana kasi na kipaji cha kusoma mchezo lakini hana mwili wa kupambana, na safu iko chini au ya kati. Sifa ninazoziangalia kwake ni umakini, kusoma mchezo na kujipanga kabla ya kuangalia nguvu. Katika safu ya mabeki watatu hali ni tofauti na ni rahisi zaidi, kwa kuwa mmoja akitoka wanabaki wawili. Huko ndiko pia anakopatikana libero, beki wa katikati anayepanda hadi kiungo, lakini mimi sikuwa na mchezaji wa kazi hiyo na sikujaribu kumlazimisha yeyote.

Jambo la mwisho lililonigharimu pointi ni la uzembe wa kawaida. Beki wangu mchezeshaji aliumia, nikamwingiza mbadala wake kijana mwenye alama 8 za pasi, na mchezo ukambebesha kazi ileile ya aliyetoka kwa sababu kazi imefungwa kwenye nafasi na si kwenye jina. Kijana yule alipiga pasi za kukata mistari kwa dakika 40, tukafungwa mawili. Siku hizi, kabla ya kuthibitisha kikosi na kila ninapofanya badiliko nyuma, nafungua ukurasa wa mbinu na kuisoma kazi na wajibu wa kila beki wa kati. Kijana akiingia, kazi ya uchezeshaji namhamishia kiungo mkabaji, na kijana namwacha akabe na kubutua.