Mjomba aliniomba nimletee leza

Sisi tunaoishi nje tunajua orodha za nyumbani zinavyoanza wiki mbili kabla ya safari: viatu, vitamini, simu ya binamu. Safari hii mjomba wangu wa Buruburu aliomba kitu kimoja tu: "Niletee ile taa nyekundu ya kuweka kwenye bastola." Alimaanisha leza, inayotupa nukta ya mwanga pale unapolenga.

Sikumletea. Jumapili baada ya chakula nikaketi naye kibarazani nimweleze sababu.

Mjomba ana duka la spea Kirinyaga Road na bastola yake ina cheti. Serikali ilipoamuru mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote wahakikiwe upya, alijipeleka mapema. Mimi naishi Texas. Huko, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hajazuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila kibali, na leza zake zinauzwa madukani waziwazi. Ndiyo maana alidhani ni kitu cha kutia tu kwenye sanduku. Sivyo. Leza zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki ni bidhaa ambazo Marekani inadhibiti kutolewa kwake nje ya nchi. Nairobi nako kuna forodha, na kuna bodi ya leseni za silaha ya kuulizwa kwanza. Ndugu zangu mnaosafiri, mkiombwa kitu hiki kataeni, hata anayeomba akiwa mtu mwema kama mjomba wangu.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Lakini ukiwasha, risasi si inakwenda palepale penye nukta?"

Hapo ndipo tulipokaa hadi chai ikapoa, kwa sababu wengi wanaamini hivyo.

Leza nyingi hufungwa chini ya mtutu. Mwale na risasi vinaanzia mahali tofauti, vikakutana kwenye umbali uliouchagua wewe mwenyewe unapoirekebisha. Yangu niliirekebisha kwa yadi 10. Nikisogea hadi yadi 3, risasi inatoboa karatasi juu ya nukta, sentimita mbili tatu hivi. Nikirudi mbali sana, inatua chini yake. Tena jua la mchana linaimeza nukta nyekundu. Ya kijani huonekana vizuri zaidi mchana, kwa kuwa jicho letu huhisi zaidi mwanga wa nanomita 555 hivi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kijani cha leza kiko kwenye 520 au 532, nyekundu iko mbali, 635 hadi 650. Na betri huisha bila kukuaga.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni mkono. Siku ya kwanza kwenda na leza kwenye uwanja wa shabaha nilijiona mlengaji hodari. Nikawasha leza, nukta ikacheza ukutani kama nzi. Nilipovuta kifyatuo bila risasi ndani, ikaruka chini kushoto. Makosa yangu ya miaka miwili nikayaona kwa sekunde moja. Mwalimu wangu akaniambia nifanye zoezi hilo kila jioni, bastola tupu, risasi ziwe chumba kingine. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya leza.

Mjomba akanyamaza. Kisha akauliza taratibu kama kweli inamsaidia mtu asiyekiona vizuri kilengeo cha mbele, kile kijino kilicho mwisho wa mtutu.

Inamsaidia, nikamjibu. Umri ukipanda, jicho hushindwa kukaza kitu kilicho karibu, na kilengeo kile kipo mwisho wa mkono tu. Nukta iko kule kwenye shabaha, hivyo jicho halilazimiki kuhangaika na karibu na mbali kwa pamoja. Lakini nukta hiyo haimtambulishi mtu aliyesimama gizani, wala haionyeshi aliye nyuma yake. Anayeshindwa kutofautisha uso wa mwizi na wa mlinzi wake mwenyewe hapaswi kulenga kabisa.

Nikampa simu yangu asome ujumbe wa mama. Akaisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote.

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Sikutaka shangazi yako ajue."

Bastola ameifungia kwenye sefu. Jumatano asubuhi tunaonana na daktari wa macho mjini, na shangazi amesema anakuja nasi.