Nilivyoupanga mchezo wa pikoboli kwa wazee wasioweza kukimbia

Mzee akianguka kwenye pikoboli (pickleball), mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki wenye matundu kwa vibao juu ya wavu, mara nyingi utakuta alikuwa anarudi kinyumenyume akiufuata mpira wa juu. Kisigino kinakwama, mwili unaenda nyuma, mkono unashuka kujizuia, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika. Nilipoanza kuwapangia mchezo huu wazee wa hapa Dar, wenye magoti yanayouma, wenye fimbo na wenye viti vya magurudumu, kila nilichoamua nilikipima kwa swali moja: je, kitamlazimisha mtu kurudi nyuma?

Pikoboli ilianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani, juu ya uwanja wa badmintoni. Ndiyo maana vipimo vinalingana: urefu mita 13.4, upana mita 6.1. Ukiwa na ukumbi wenye mistari ya badmintoni ya wachezaji wanne, huna haja ya kupima mzingo wa nje. Kwa nje, sakafu ya zege ya uwanja wa basketi inafaa. Urefu wa uwanja uelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi lisimpige mtu usoni, maana mwenye mtoto wa jicho akiangalia upande wa jua mpira anaupoteza kabisa.

Mistari nachora kwa chaki au rangi. Tepu ya kubandika naikataa: kwa joto letu gundi inalainika, ukingo unanyanyuka, na mzee anayeburuza mguu anajikwaa hapo hapo. Kabla ya mchezo sakafu inafagiliwa kila mara. Punje chache za mchanga juu ya zege kavu zinateleza chini ya raba kama gololi.

Wavu si lazima ununue. Chukua ndoo mbili za rangi za lita 20, simamisha bomba la plastiki la inchi 2 katikati ya kila moja, jaza zege na uliache likauke vizuri. Ndoo iliyojaa inakaribia kilo 50, kwa hiyo vijana wawili waizungushe kwa ukingo wake, wazee wasiiguse. Wavu chakavu wa uvuvi unapatikana soko la samaki la Feri. Kinachotakiwa ni matundu madogo kuliko mpira, ambao kipenyo chake ni kama sentimita 7.4. Pitisha kamba ya manila juu, kisha ushonee utepe mweupe ili macho dhaifu yaone ukingo. Pembeni wavu uwe sentimita 91, katikati 86. Usiikaze kamba sana, nguzo zitainama kwa ndani. Ule ulegevu wa sentimita 5 katikati ndio kanuni inaoutaka.

Kila upande wa wavu kuna eneo la mbele la mita 2.13 ambamo hairuhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Hilo siligusi, kwa sababu linazuia mtu kumpiga mwenzake usoni kutoka karibu. Ninachopunguza ni nyuma. Mstari wa nyuma kwa kawaida uko mita 6.7 kutoka kwenye wavu; mimi nauleta kwenye mita 5.2. Pale nyuma panabaki pana na wazi, mita 2.5 au zaidi bila ukuta wala benchi wala mikoba. Wakiwa wawili tu, wachezee nusu ya upana.

Kanuni iliyosaidia kuliko zote nimeichukua kwenye pikoboli ya viti vya magurudumu: mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili. Mdundo wa kwanza lazima uwe ndani ya uwanja, wa pili popote. Mwenye goti bovu anapata muda wa kugeuza mwili mzima na kutembea akiangalia mbele. Lakini kanuni hiyo peke yake haitoshi, kwani wapo watakaoendelea kurusha mipira ya juu. Kwetu, mpira ukipita juu ya kibao kilichonyooshwa na mpokeaji, yeyote anaita "Juu!" na pointi inarudiwa. Mara ya pili mfululizo, mrushaji anaipoteza. Mwanzoni watu wanabishana, hivyo nawaambia mapema kuwa neno la mpokeaji ndilo la mwisho.

Kuanzisha mpira nako nimekulegeza. Kuuangusha chini na kuupiga baada ya kudunda kunaruhusiwa hata kwenye kanuni za kawaida, na bega lililokakamaa linakuweza.

Mwenye fimbo namchorea boksi la mita 2 kwa 2. Mpira unaoangukia humo ni wake, mwenza haruhusiwi kuuingilia; mingine yote ni ya mwenza. Bila mchoro huo, mwenza mwenye nguvu anakula mipira yote na bibi wa watu anabaki amesimama tu.

Mipira ipo ya aina mbili. Ya nje ina matundu madogo 40, migumu na yenye kasi. Ya ndani huwa na matundu makubwa 26, laini na ya polepole. Kwa wazee natumia ya ndani hata nje, mradi iwe asubuhi, kabla upepo wa bahari haujachangamka. Naiweka sita kwenye ndoo juu ya stuli ili asiwepo wa kuinama. Mpira wowote ukiingia kwenye uwanja usio wake, mchezo unasimama mara moja.

Mpini mwembamba unawachosha wenye baridi yabisi. Ongeza mizunguko miwili ya utepe wa raketi hadi vidole visikunjane sana. Tyubu ya baiskeli, ambayo wengi huikimbilia kuzungushia mpini, ikilowa jasho inateleza. Juu yake zungusha kipande cha taulo. Viatu viwe vya soli bapa, wala si raba za kukimbilia zenye soli nene. Akina bibi waliovaa dera, pindo lipandishwe juu ya kifundo cha mguu na lifungwe kiunoni, suruali iwe ndani.

Tunaanza saa 12:30 asubuhi na kumaliza kabla ya saa 3, hasa Desemba hadi Machi. Mchezo unaishia pointi 7 badala ya 11, na kila baada ya mchezo watu wanakaa kivulini na kunywa maji. Wenye kisukari wanakaguliwa nyayo kabla na baada, kwa kuwa ganzi huficha malengelenge, na pembeni ipo soda yenye sukari kwa atakayetetemeka. Anayesema kifua kinabana au kichwa kinazunguka anakalishwa hapo hapo na kupelekwa hospitali, hata kama anasema ameshapata nafuu.