"Mzee, hayo si yalishaisha?"

"Mzee, hayo si yalishaisha? Siku hizi programu inajipangia yenyewe."

Ni dogo wa kazini, kwenye mkutano wa waandika programu Jumamosi, ulipoibuka mjadala wa Tab na nafasi: mistari ya msimbo isogezwe ndani kwa kitufe cha Tab au kwa nafasi tupu? Ukumbi ukacheka. Toleo jipya limetoka, seva zimehama, dada kajifungua salama, nami bado namjibu kichwani nikipiga mswaki.

Yalishaisha wapi? Kwenye Makefile, faili la maagizo ya make (zana ya kujenga programu), anza mstari wa amri kwa nafasi badala ya Tab uone: make inagoma, "missing separator". Kwa macho huoni tofauti. Piga amri cat -A Makefile, inayoonyesha herufi zisizoonekana: Tab inajitokeza kama ^I, nafasi inabaki tupu. Kero hii ni ya tangu 1976, Stuart Feldman alipoandika make pale Bell Labs. Alitaka kurekebisha, ila tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, akaona asiwavurugie. Dazeni moja!

Na hiyo programu inayojipangia hufuata faili la mipangilio, ambalo huandikwa na mtu. Ugomvi umehamia humo. Python hupendekeza nafasi nne. Kerneli (kiini) ya Linux, Tab yenye upana wa nane. Ukiandika indent_style = space kwa faili zote kwenye .editorconfig (faili la mipangilio ya kihariri), ongeza chini yake sehemu ya [Makefile] yenye indent_style = tab, la sivyo kihariri kitakupa nafasi kila ukibonyeza Tab. Na ukipanga upya mradi mzima kwa mkupuo, git blame, amri ya git (zana ya kutunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani aliandika mstari gani, itakubandika jina kwenye kila mstari ulioguswa. Namba ya komiti hiyo (badiliko lililohifadhiwa) iwekwe kwenye .git-blame-ignore-revs, kisha uiambie git kupitia blame.ignoreRevsFile.

Nilikuwa na hotuba nzima. Jana nikakumbuka alichoongeza dogo tukikunja nyaya: "Labda kwa wanaosoma kwa nukta nundu." Hilo ndilo! Kwenye kifaa cha nukta nundu chenye seli 40, ngazi tatu za nafasi nne hula seli 12. Tab tatu zaweza kula tatu tu. Asiyeona vizuri, aliyekuza herufi, hupunguza upana wa Tab bila kugusa faili la mwenzake. Miaka yote natetea Tab sijawahi kupewa hoja nzito hivyo, tena na mpinzani. Nimefurahi kweli.