Natafuta gari la turubai, mama watoto hataki hata kusikia

Jamani natafuta MGB, yale magari madogo ya michezo ya Kiingereza ya zamani. Si ile GT yenye paa la bati, nataka ile ya wazi, ya turubai, siti mbili, injini ya cc 1,798, iliyokuwa inatengenezwa Abingdon hapa Uingereza kuanzia 1962 mpaka 1980. Miezi kadhaa sasa watu wakilala mimi niko kwenye simu nacheki matangazo, na nimegundua kitu, nyingi ya hizi gari zinauzwa na watoto wa marehemu, mzee alikuwa nayo gereji miaka yote anaitoa Jumapili jua likiwaka, sasa katangulia na watoto hawana pa kuiweka, basi wanapiga picha nne za haraka haraka na moja inaonyesha mashine ya kukata majani.

Mama watoto kaniuliza swali moja tu. Wewe umekulia Tanga unasukuma magari, ukaja huku ukapata gari inawaka kwa kubonyeza kitufe, sasa unataka kutoa pauni 6,000 urudi kusukuma?

Swali zuri kusema kweli. Naomba nilijibu kwa kuzunguka kidogo.

Baba mdogo alikuwa na Peugeot 404. Nyeupe kwa jina, maana rangi yenyewe ilikuwa vumbi la Muheza. Gia kwenye usukani, mkia wenye mapezi, na hendeli kwenye buti kwa siku ambazo betri imegoma, na betri ilikuwa inagoma sana. Likizo tukienda Lushoto kutokea Mombo, ule mlima wa kona kilomita thelathini na kitu, 404 inachemka kila safari, yaani ilikuwa kwenye ratiba kabisa kwamba tutasimama Soni pale kwenye maporomoko. Mimi ndo mwenye dumu la maji. Kulikuwa na shati kuukuu la baba mdogo lililoishi chini ya siti kwa kazi moja tu, unalikunja mara nne unaliweka juu ya kifuniko cha rejeta, unazungusha kidogo, inapiga fyuuu, unarudi nyuma, unasubiri, unazungusha tena kidogo, mvuke ukiisha ndo unafungua. Na injini lazima iwe inanguruma wakati unamimina, usije ukamwaga maji baridi kwenye injini imezimwa na bado ina moto, utapasua silinda hedi. Nilikuwa sijafika darasa la tano najua hayo.

Na usimwambie baba mdogo kwamba 404 ni gari mbovu kwa sababu inachemka. Angekupa historia ya Safari Rally mpaka uombe maji. 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7, mshindi Peugeot 404. 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na 404. 1968 tena zikamaliza 7 tu, tena 404. Kwa hiyo kuchemka Soni kwake si ugonjwa, ni mlima ule una matatizo.

Halafu ikaja ile miaka ya baada ya vita ya Kagera, fedha za kigeni hamna, spea hamna, mafuta ya kupanga foleni. Wanaokumbuka wanakumbuka. Hapo ndo nilipoona ufundi. Fundi wetu barabara ya kumi na kitu (nimesahau namba, Tanga barabara zenyewe ni namba tu) gaskiti alikuwa anakata mwenyewe kwa boksi la karatasi. Hapimi na rula wala nini, analaza boksi juu ya chuma chenyewe, anachukua nyundo ya kichwa cha mviringo anagonga taratibu pembeni ya chuma, tik tik tik, makali ya chuma yanakata karatasi yenyewe, matundu ya bolti hivyo hivyo, akimaliza anainua gaskiti imekamilika anaipaka grisi. Kusikiliza injini anaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini sikioni, anafumba macho, anakwambia beringi ya pampu ya maji. Na kweli ni beringi ya pampu ya maji.

Na kulikuwa na ile amri ya shida ya mafuta, gari za watu binafsi haziruhusiwi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana mpaka uwe na kibali. Kwa hiyo Jumapili jioni baba mdogo anaiosha, anakaa ndani milango wazi anasikiliza mpira redioni, mguu mmoja nje. Sasa nipo nchi ambayo watu wana gari kwa ajili ya Jumapili jioni peke yake, haina kazi nyingine. Mama watoto hajui hiyo inanigusa wapi.

Gari la wazi sasa. Kwetu gari la wazi lilikuwa la Rais na la mizigo. Sikukuu ya Uhuru Rais anazunguka uwanja kasimama kwenye Land Rover haina paa, halafu kesho yake unaiona Land Rover nyingine ya turubai imejaa mkungu wa ndizi na polisi wawili. Mtu binafsi kutoa paa kwa raha zake? Jua lile? Lakini kulikuwa na Triumph Herald ya wazi, ya enzi za wazungu wa mkonge, imeachwa nyuma ya nyumba moja njia ya kwenda Pongwe, turubai limeoza zamani, kuku wanataga siti ya nyuma. Boneti lake lilikuwa linafunguka lote kwa pamoja, taa, madigadi, kila kitu linalalia mbele, injini inabaki uchi na matairi yake mawili, unaweza kukaa juu ya tairi ukachezea plagi. Tulikuwa tunaenda pale baada ya shule kuiendesha, yaani kuiendesha kwa mdomo. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa hii pauni 6,000 ni yule aliyeiacha Herald pale.

Sasa mtu ataniuliza kwa nini usitafute Herald basi. Spea bwana. MGB, ukijumlisha za wazi na GT, zilitengenezwa zaidi ya laki tano, na mpaka leo hapa Uingereza unaweza kuagiza kila kitu, mpaka bodi nzima mpya ya bati, British Motor Heritage wanaitengeneza tangu 1988. Mtu aliyekulia kwenye gaskiti za boksi akisikia unaweza kuagiza kwa simu kizibo cha tangi la gari la 1965 kikaletwa kesho asubuhi mlangoni, anashikwa na kizunguzungu.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue kabla hujatoa hela, nacho ni kwamba injini usiiangalie. Ndio, usiiangalie, au iangalie mwisho. Injini ya MGB ni chuma tupu, rahisi, fundi yeyote wa gereji za Gerezani, Dar, angeifungua amefumba macho. Kinachoua hizi gari ni kutu. Gari haina paa wala chesesi ya kujitegemea, kwa hiyo nguvu yote iko kwenye sili, lile boksi la bati chini ya mlango, na ndani yake kuna tabaka tatu za bati, nje unaona moja tu. Mtu anapaka puti na rangi ile ya nje inang'aa, ndani pamemong'onyoka kama kashata.

Nilienda kuona moja Worcestershire, kijani kibichi cha mashindano, bampa za kromu, rimu za spoku, bei 7,500. Mzee muungwana sana, chai ilikuwa tayari. Nikapitisha sumaku niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, chini ya mlango haikamati, inateleza tu, pale ni puti. Nikainua kapeti upande wa dereva, kuna bati jipya limechomelewa juu ya bati bovu. Nikamuomba ruhusa niweke jeki sehemu yake ya kuwekea jeki. Nikainua kidogo tu, matairi hayajaachana na ardhi bado, nikafungua mlango wa kushoto. Haukufunga tena. Uwazi kati ya mlango na bodi ulikuwa umebadilika kabisa. Gari lilikuwa linajikunja katikati. Nikashusha jeki, mlango ukafunga vizuri, mzee akanitazama, na mimi nikamtazama, tukazungumza habari za mvua.

Gari ile ukiiona kwenye picha unaweza kuuza figo.

Kwa hiyo saa hizi sitaki kromu. Mwishoni mwa 1974 kwa sababu ya sheria za Marekani za bampa na urefu wa taa kutoka chini, wakaiinua gari juu na kuipachika mabampa meusi mazito ya mpira, na wapenzi wa MGB mpaka leo hawajasamehe, wanaziona sura mbaya. Nawaombea waendelee hivyo hivyo, maana chuki yao inashusha bei. Za mwisho mwisho zina overdrive, kama gia ya ziada ya mwendo mrefu, swichi iko juu ya kitasa cha gia, uko gia ya nne unaisukuma kwa kidole raundi zinashuka gari inatulia. Betri moja ya volti 12, si mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya siti. Na hazina ule wazimu wa za kabla ya mwishoni mwa 1967 ambapo waya chanya ndo unaenda kwenye bodi, unafunga redio ya kisasa unaona moshi.

Na faida ya umri, hapa gari ikipita miaka 40 kodi ya barabara inakuwa sifuri, ukaguzi wa MOT si lazima, hata ile tozo ya hewa chafu London ya ULEZ haikuhusu. Mimi MOT nitaipeleka tu, gari isiyokaguliwa na mtu asiyekujua ni ya kuogopa. Kitu cha kuangalia ni mafuta, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, ethanoli inaweza kufika asilimia 10 na inakula mipira ya zamani ya kupitishia mafuta, kwa hiyo unaweka ile ya bei, E5, na unabadilisha mipira yote.

Mama watoto yeye kapendekeza Mazda MX-5. Anasema ni ya wazi, ni siti mbili, paa unalisukuma nyuma ukiwa umekaa, haivuji, inawaka. Yote kweli. Mjapani 1989 alichukua wazo lile lile la gari za Kiingereza akarekebisha kila kilichokuwa kinasumbua, kama unakumbuka Corolla zilipoingia Bongo na Peugeot zikaanza kupotea basi hii filamu ulishaiona. Ukitaka ushauri wangu wa bure kama rafiki, nunua MX-5. Mimi ushauri wangu siufuati.

Iliyobaki kwenye orodha ni ya 1978, nyekundu iliyopauka, bampa za mpira, mmiliki ana mafaili ya risiti. Jeki nimeweka, mlango umefunga. Sakafu upande wa abiria ina kutu ya kuchomelea, turubai dirisha la nyuma limekuwa la njano huoni kitu. Anataka 6,000 nimempa 5,200, tangu juzi kimya. Kama kuna mtu anamjua fundi bodi mzuri maeneo ya Birmingham anayechomelea sakafu kwa bei ya kibinadamu aniambie, ila aniambie mimi, asipitie kwa shemeji yenu.